Uzio, Tangi na Orodha ya Majina: Uchambuzi wa Sheria ya Ulinzi wa Viwanda vya Kemikali Nchini Marekani

Tangu tarehe 28 Julai 2023, siku ambayo sheria ya Marekani ya kulinda viwanda vya kemikali dhidi ya ugaidi ilikwisha muda wake bila Bunge la nchi hiyo kuihuisha, madai mawili yamekuwa yakizunguka magazetini na katika vikao vya watunga sera, na yote mawili yamewapotosha wengi. Dai la kwanza ni kwamba viwanda vya kemikali vya Marekani sasa havina msimamizi, na kila mwenye tangi la sumu anafanya apendavyo. Dai la pili ni kwamba hakuna kilichobadilika, kwa kuwa sheria za mazingira na za usalama kazini zipo palepale, na kwamba iliyokufa ilikuwa urasimu wa ziada tu. Dai la kwanza linasahau kwamba idara zinazosimamia ajali za kemikali bado zina mamlaka yake kamili. La pili linasahau kwamba hakuna hata moja kati ya idara hizo inayomuuliza mwenye kiwanda ni nani ameajiriwa kushika funguo za ghala.

Mkanganyiko huo umeanzia kwenye maneno. Kiswahili hutumia neno moja, usalama, kwa mambo mawili: kukingwa na ajali, kama vali iliyochakaa inapovujisha gesi, na kukingwa na mtu mwenye nia mbaya, anayeifungua vali hiyohiyo kwa makusudi au anayepakia mitungi kwenye gari usiku. Kiingereza kina maneno mawili, na sheria za Marekani zimeyafuata maneno hayo hatua kwa hatua, kiasi kwamba ajali ina idara zake, hujuma ina idara yake, na kila idara ina fomu zake, wakaguzi wake na orodha yake ya kemikali. Katika uchambuzi huu neno usalama litatumika kwa kinga dhidi ya ajali na neno ulinzi kwa kinga dhidi ya hujuma, ingawa itaonekana huko mbele kwamba Kiswahili, kwa kutoyatenganisha mambo hayo, kiko karibu zaidi na hali halisi ya ghalani.

Chimbuko la sheria

Hofu ya kemikali nchini Marekani ilianza na ajali. Tarehe 16 Aprili 1947, meli iliyoitwa Grandcamp, ikiwa na tani zipatazo 2,300 za amonia nitrati, yaani chumvi ya nitrojeni inayotumika kama mbolea na pia kama malighafi ya baruti za migodini, ilishika moto bandarini Texas City ikalipuka, na watu karibu 600 wakafa. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, gesi ya methili isosianati ilivuja katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu mjini Bhopal, India, na kuua maelfu ya wakazi. Kwa kuwa kampuni mama ya kiwanda hicho, Union Carbide, ilikuwa ya Kimarekani, Bunge la Marekani lilijibu mwaka 1986 kwa sheria inayowapa majirani wa viwanda haki ya kujua kemikali zilizohifadhiwa karibu nao, na katika miaka ya 1990 zikafuata kanuni mbili kubwa, moja chini ya idara ya usalama kazini na nyingine chini ya Wakala wa Mazingira, zinazomtaka mwenye kiwanda kuchambua hatari za mitambo yake na kuandaa mpango wa dharura.

Hujuma iliingia katika mjadala baadaye. Aprili 1995 gari lililosheheni amonia nitrati iliyochanganywa na mafuta lilibomoa jengo la serikali mjini Oklahoma City na kuua watu 168, lakini hata hapo sheria haikubadilika sana. Mashambulizi ya Septemba 2001 ndiyo yaliyogeuza swali. Kiwanda ambacho jana kilionekana kuwa mahali penye uwezekano wa ajali, leo kilionekana kuwa silaha iliyokwisha kujengwa tayari pembeni ya mji, ikimsubiri mtu wa kuifyatua. Seneta Jon Corzine wa New Jersey, jimbo lenye viwanda vya kemikali vilivyobanana na makazi, alipeleka mswada uliotaka viwanda vipunguze kemikali zenyewe badala ya kuongeza walinzi tu. Kamati ya Seneti iliupitisha kwa kauli moja mwaka 2002, kisha upinzani wa wenye viwanda ukauzima kabla haujafika kwenye kura ya Seneti nzima.

Kilichopatikana hatimaye, mwezi Oktoba 2006, kilikuwa kifungu kimoja, cha 550, kilichochomekwa ndani ya sheria ya bajeti ya Wizara ya Usalama wa Ndani na kupewa umri wa miaka mitatu. Kutokana na kifungu hicho wizara ilitunga kanuni za mwaka 2007 zinazojulikana kwa kifupi kama CFATS. Mwaka 2014 Bunge lilizipa kanuni hizo sheria kamili, nayo ikiwa na ukomo, na baada ya hapo ikaongezewa muda mara kadhaa hadi tarehe 27 Julai 2023. Umri huo wa kupimiwa kwa kijiko umeiathiri programu tangu utoto wake, kwa sababu mwenye kiwanda anayeombwa kutumia mamilioni ya dola kujenga uzio na kufunga kamera hujiuliza kwanza kama sheria inayomtaka afanye hivyo itakuwapo mwaka ujao.

Namna sheria ilivyofanya kazi

Mantiki yake inaonekana vizuri zaidi kwa kufuata mtungi mmoja. Mtungi mkubwa wa klorini unaotumika kutibu maji au kutengeneza karatasi hubeba pauni 2,000 za gesi iliyogandamizwa ikawa majimaji, karibu kilo 900. Kanuni zilikuwa na orodha ya kemikali zaidi ya 300, na mbele ya kila moja ziliandikwa hatari zinazoihusu: kuachiwa hewani ikawafikia majirani, kuibwa ikatumiwa kwingine, au kuchafuliwa kwa makusudi ikaleta madhara. Kila hatari ilikuwa na kiwango chake. Kwa klorini inayoweza kuibwa kiwango kilikuwa pauni 500, na kwa klorini inayoweza kuachiwa hewani pauni 2,500. Kwa hiyo mwenye mtungi mmoja tu alikuwa tayari amevuka mstari wa wizi, na mwenye mitungi miwili alikuwa amevuka yote miwili, naye akapewa siku 60 za kuwasilisha dodoso la awali kwa njia ya mtandao.

Kutokana na madodoso hayo, ambayo kwa miaka yote yalitoka katika vituo zaidi ya 40,000, wizara ilichuja vile vyenye hatari kubwa na kuvigawa katika madaraja manne; mwaka 2023 vilivyobaki ndani ya madaraja hayo vilikuwa takribani 3,200. Kituo kilichoingizwa kwenye daraja kilitakiwa kuchambua udhaifu wake na kuandika mpango wa ulinzi uliokidhi viwango 18, vinavyoanzia uzio, lango na upokeaji wa mizigo hadi mifumo ya kompyuta, mafunzo na utunzaji wa kumbukumbu. Sheria haikumruhusu mkaguzi kukataa mpango kwa sababu tu haukuwa na kifaa fulani, maana ilipima matokeo: kama mwenye ghala anaweza kuonyesha kwamba mbwa na mlinzi wanamchelewesha mwizi sawasawa na ukuta wa zege, mbwa na mlinzi wanatosha. Aliyekaidi aliweza kutozwa faini ya hadi dola 25,000 kwa kila siku ya ukaidi, na hata kuamriwa kufunga.

Kiwango kimoja kati ya hivyo 18 kinastahili kusimuliwa peke yake, kwa kuwa ndicho kiini cha mabishano yaliyofuata. Kila anayeingia bila kusindikizwa mahali penye kemikali hatari, awe mwajiriwa, fundi wa kandarasi au dereva wa mizigo, alipaswa kuchunguzwa mambo manne: utambulisho wake, rekodi yake ya makosa ya jinai, haki yake ya kufanya kazi nchini, na uhusiano wowote na ugaidi. Matatu ya mwanzo kampuni inaweza kuyachunguza kwa fedha zake. La nne haliwezekani bila serikali, kwa sababu orodha ya watu wanaoshukiwa ugaidi iko mikononi mwa serikali peke yake.

Hoja ya waliotaka iendelee

Jambo ambalo huwashangaza wasomaji ni kwamba mstari wa mbele wa kuitetea sheria hii ulishikwa na wenye viwanda wenyewe. Baraza la Kemia la Marekani, chama kikubwa cha wazalishaji wa kemikali, lilipigania ihuishwe, na Baraza la Wawakilishi likapitisha nyongeza ya muda mwezi Julai 2023 kwa kura 409 dhidi ya 1. Kampuni zikiomba kudhibitiwa, busara ni kuuliza zinapata nini.

Zinapata mambo matatu. Kampuni iliyokwisha kujenga uzio haitaki kushindana na jirani asiyejenga, na sheria moja kwa wote humwondolea aliyetumia fedha hasara ya kuwa mwema peke yake. Sheria ya nchi nzima pia hupunguza msukumo wa kila jimbo kujitungia kanuni zake zilizo kali zaidi, kama New Jersey ilivyofanya mwaka 2005 ilipowataka wenye viwanda wake waangalie uwezekano wa kutumia njia zisizo na hatari. Faida hiyo ya pili haitajwi sana hadharani. Ya tatu ni lile jambo la nne katika uchunguzi wa wafanyakazi, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mwezi Juni 2015, katika mji wa Saint-Quentin-Fallavier nchini Ufaransa, dereva aliyezoea kupeleka mizigo katika kiwanda cha gesi alifunguliwa lango kama siku zote, akaliingiza gari kwa kasi hadi kwenye mitungi ya gesi ikalipuka. Alikuwa amemuua mwajiri wake kabla ya hapo. Huyo mtu aliwahi kuwa katika kumbukumbu za vyombo vya ulinzi vya Ufaransa miaka ya nyuma. Uzio haukuwa na kazi mbele ya mtu anayefunguliwa lango, na hakuna meneja wa kampuni ambaye angeweza kujua kilichomo katika kumbukumbu za polisi.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inathibitisha haja ya kazi moja, uchunguzi wa majina, kisha inaomba mashine nzima. Hata orodha yenyewe si kipimo kamili: dereva yule wa Ufaransa alikuwa ameondolewa katika ufuatiliaji miaka mingi kabla hajashambulia.

Hoja ya waliotaka ife

Kilichoizuia sheria Seneti ni pingamizi la seneta mmoja, Rand Paul wa Kentucky, ambaye alitaka kwanza programu za serikali zipimwe kama zinarudia kazi za idara nyingine. Ni rahisi kumlaumu mtu mmoja, na wengi wamefanya hivyo, lakini hoja yake ina historia nyuma yake. Mwaka 2011, miaka minne baada ya kanuni kutoka, waraka wa ndani wa wizara uliovuja ulikiri kwamba programu ilikuwa haijaidhinisha hata mpango mmoja wa ulinzi, na kwamba baadhi ya waliopewa kazi ya ukaguzi hawakuwa na ujuzi wake. Mwaka 2013 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilikadiria kwamba kwa kasi iliyokuwapo ingechukua miaka saba hadi tisa kumaliza kupitia mipango iliyokwisha kupokelewa. Mambo yalirekebishwa baadaye, na mipango ikaidhinishwa, lakini mlipa kodi aliyekuwa akitazama alikuwa na haki ya kuuliza kilichonunuliwa.

Wapinzani huongeza kwamba hakuna anayeweza kuonyesha shambulio lililozuiwa. Hapa inabidi wapewe nusu tu ya haki. Ulinzi ukifaulu hauachi alama, na kufuli ambalo halijavunjwa si ushahidi kwamba hakuna mwizi, wala si ushahidi kwamba mwizi alikuwapo. Kinachoweza kupimwa ni kile wakaguzi walichokikuta: wakala uliosimamia programu, CISA, ulieleza kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya kaguzi zake ulikuwa ukibaini walau pengo moja la ulinzi. Kiwango hicho, baada ya zaidi ya muongo wa utekelezaji, kinaonyesha kwamba ahadi za hiari hulegea mkaguzi asipokuja.

Pigo zito zaidi kwa watetezi lilitokea baada ya sheria kufa. Kati ya tarehe 23 na 26 Januari 2024, wadukuzi waliingia katika mfumo wa mtandao ambamo viwanda vilikuwa vimeweka madodoso yao, uchambuzi wa udhaifu wao, mipango yao ya ulinzi na taarifa za watu waliochunguzwa. CISA ilisema haikupata ushahidi kwamba taarifa zilichukuliwa, lakini iliona ni wajibu kutoa tahadhari iliyowahusu watu zaidi ya 100,000. Wizara iliyowataka wenye viwanda waandike kwa kina mahali walipo dhaifu ilikuwa imeyakusanya maandishi hayo yote katika chumba kimoja, na mlango wa chumba hicho ukafunguliwa na mgeni.

Hoja ya tatu: kupunguza hatari yenyewe

Kati ya waliotaka sheria na walioikataa, kundi la tatu, lenye vyama vya wafanyakazi na wanaharakati wa mazingira, limekuwa likisema kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya uzio wakati tatizo ni tangi. Wazo lao linaitwa usalama wa asili ya mchakato: kubuni uzalishaji ili kemikali hatari isiwepo, au iwepo kidogo, badala ya kuiacha na kuizungushia walinzi. Mfano unaotajwa kila mara ni mtambo wa majitaka wa Blue Plains mjini Washington, ambao baada ya Septemba 2001 uliachana haraka na klorini ya gesi iliyokuwa ikihifadhiwa katika mabehewa, ukahamia sodiamu haipokloriti, ambayo ni kimiminika cha jamii ileile ya dawa ya kung'arishia nguo inayoitwa jiki katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Kimiminika hicho kinaunguza na kinadhuru, lakini hakitandi juu ya mji kama wingu. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada ambao ungewalazimisha wenye viwanda vya hatari kubwa kuangalia njia kama hizo, kwa kura 230 dhidi ya 193, na Seneti ikauacha ufe.

Wahandisi wa kemia wana majibu ambayo wanaharakati huyapita haraka. Haipokloriti yenyewe hutengenezwa kwa klorini, kwa hiyo hatari iliyoondolewa kwenye mtambo wa maji huenda imehamia kiwanda kingine. Anayepunguza tangi lake kutoka akiba ya mwezi hadi akiba ya wiki huongeza mara nne malori barabarani. Na kemikali isiyolipuka inaweza kuwa na sumu ya kudumu zaidi. Wakulima wa Mbeya na wa Bonde la Ufa wanaifahamu CAN, mbolea ya kukuzia, ambayo ni amonia nitrati iliyochanganywa na unga wa chokaa hivi kwamba ni vigumu zaidi kulipuka. Hiyo ni hatari iliyopunguzwa ndani ya mfuko, bila mlinzi wala fomu. Hata hivyo mbolea ya aina hiyohiyo, iliyotoka nchi jirani, ilisagwa na kuchakatwa nchini Afghanistan ikawa malighafi ya mabomu ya barabarani. Kupunguza hatari hakuifuti.

Pamoja na hayo, ukweli mmoja unabaki upande wa kundi hili, nao ni kwamba hata bila kulazimisha chochote, kiwango cha kuingizwa kwenye daraja kilimfanya mwenye ghala apige hesabu. Vituo vingi vilitoka kwenye madaraja kwa kupunguza akiba, kubadili mchanganyiko au kuacha kabisa kemikali iliyoorodheshwa, kwa sababu kuachana na pipa la sumu ni nafuu kuliko kulijengea ngome. Hii ndiyo faida ya sheria ambayo watetezi wake waliitangaza kidogo mno, na ndiyo iliyopotea kimyakimya ilipokufa, maana leo anayerudisha pipa lile hana wa kumjulisha.

West, Texas

Mahali ambapo hoja zote hizi zinakutana ni mji mdogo uitwao West, katika jimbo la Texas. Jioni ya tarehe 17 Aprili 2013 moto ulionekana katika ghala la mbolea la mji huo, na taarifa ya kwanza ikapigwa saa 1 na dakika 29 za jioni. Kikosi cha zimamoto, wengi wao wakiwa wa kujitolea waliotoka kazini au nyumbani, kilifika na kuanza kuvuta mipira ya maji. Dakika 22 baada ya taarifa ile amonia nitrati ililipuka. Walikufa watu 15, kati yao 12 wakiwa waliokwenda kusaidia, na zaidi ya 260 walijeruhiwa; shule, nyumba za kupanga na nyumba ya kutunzia wazee, zote zilizoruhusiwa kujengwa jirani na ghala, ziliharibiwa. Mbolea ilikuwa imehifadhiwa katika mapipa ya mbao, ndani ya jengo la mbao, bila mfumo wa kunyunyiza maji.

Kampuni hiyo ilikuwa imeijulisha idara ya afya ya jimbo kwamba mwisho wa mwaka 2012 ilikuwa na tani 270 za amonia nitrati. Kiasi hicho kilizidi mara nyingi mno kiwango cha kanuni za ulinzi, lakini dodoso la wizara halikuwahi kujazwa na wizara haikujua kwamba ghala lipo. Orodha ya Wakala wa Mazingira, kwa upande wake, haikuwa na amonia nitrati kabisa. Kwa hiyo kitu kilekile kilikuwa kinajulikana na ofisi moja, hakijulikani kwa ya pili na hakitambuliwi na ya tatu. Rais Obama alitoa amri mwezi Agosti 2013 akizitaka idara hizo zibadilishane orodha, jambo ambalo mtu wa kawaida angedhani lilikuwa likifanyika siku zote. Kanuni tofauti ya kusajili wauzaji na wanunuzi wa amonia nitrati, ambayo Bunge liliiagiza tangu mwisho wa mwaka 2007, ilifikia hatua ya rasimu mwaka 2011 na haikukamilishwa.

Kisha likaja swali la chanzo. Mwaka 2016 idara ya shirikisho inayochunguza milipuko ilitangaza kwamba moto uliwashwa makusudi. Bodi ya Usalama wa Kemikali, inayochunguza ajali za viwandani, ilikuwa imehitimisha kwamba chanzo hakiwezi kubainishwa. Kwa mujibu wa mgawanyo wa sheria, tofauti hiyo ni kubwa, kwani jibu moja lingelifanya tukio kuwa la ulinzi na jingine kuwa la usalama. Kwa wazimamoto tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote. Mapipa ya zege badala ya mbao, akiba ndogo zaidi, na karatasi mkononi mwa mkuu wa kikosi inayosema "usisogee" vingewaokoa, iwe mwenye kiberiti alikuwapo au hakuwapo.

Siri na haki ya kujua

West pia inaonyesha gharama ya usiri. Sheria ya mwaka 1986 ilitaka jirani ajue. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka mipango ya ulinzi chini ya daraja maalumu la siri, kwa hoja kwamba ramani ya udhaifu ikiwa wazi humfaa mshambuliaji. Kila hoja ina mahali pake. Mahali kamera zilipo na saa za kubadilishana walinzi hazimhusu jirani. Jina na wingi wa kemikali vinamhusu, na vinamhusu zaidi mzimamoto. Kosa limekuwa kuvitia vyote katika kapu moja, hali ambayo humnyima habari jirani mwema huku mdukuzi, kama ilivyoonekana Januari 2024, akiwa na njia yake.

Mizani

Ulaya haijaepuka mgawanyo huu. Maelekezo yake yanayobeba jina la mji wa Seveso, Italia, uliochafuliwa na dioksini mwaka 1976, yanashughulika na ajali, lakini yanalazimisha umma kuelezwa na mipango miji kuweka umbali kati ya ghala na shule. Kanuni nyingine, inayotumika tangu Februari 2021, inambana mnunuzi wa kemikali zinazoweza kutengenezea mabomu. Sehemu ya umbali kutoka kwenye shule ndiyo Marekani ingefaa kuiazima kwanza.

Mgawanyo huo si mgeni Afrika Mashariki pia. Nchini Tanzania kemikali za viwandani ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya mwaka 2003, mbolea ziko chini ya mamlaka ya mbolea, na baruti ziko chini ya wizara inayohusika na madini, ilhali amonia nitrati inaweza kupita katika meza zote tatu. Shehena ya tani 2,750 iliyolipuka bandarini Beirut tarehe 4 Agosti 2020 na kuua watu zaidi ya 200 ilikuwa njiani kwenda Beira, Msumbiji. Ilikaa katika ghala la Beirut kwa miaka kadhaa, maofisa wa ofisi mbalimbali wakiijua na kuandikiana barua, na haikuhitaji gaidi.

Kwa kupima yote, sheria ya Marekani ilistahili kuishi, ila si kwa umbo lake. Uchunguzi wa majina unapaswa kurudishwa kwanza na kwa sheria isiyo na ukomo, kwa sababu ni kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya, na taarifa za aliyekwisha kuchunguzwa zifutwe badala ya kulimbikizwa. Dodoso la awali linapaswa kuwa moja kwa idara zote, likisomwa na mkaguzi wa ajali na mkaguzi wa ulinzi kwa pamoja, na nakala ya majina na kiasi cha kemikali ipelekwe kwa kikosi cha zimamoto kilicho karibu. Viwanda vya daraja la juu vitakiwe kuandika kwa nini haviwezi kupunguza akiba, hata kama havitalazimishwa kuipunguza, na mitambo ya maji, iliyosamehewa tangu mwanzo ingawa inatumia klorini ileile, iingizwe ndani. Mswada uliopita kwa kura 409 haukukusudia mageuzi ya namna hiyo; uliomba muda tu, hadi tarehe 27 Julai 2025, na tarehe hiyo nayo imepita.